Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Nilipiga taipu miaka kumi na tisa
katika ofisi ya halmashauri, Mpwapwa.
Kila kiangazi vumbi lilikaba herufi moja,
na jina lake likaanza na pengo:
*Ndg. Jamnadas  otecha, Diwani, Gulwe.*
Pengo nililijaza kwa kalamu.

Muhtasari unasema: *Mjumbe alichangia.*
Hausemi alichangia kwa Kigogo cha stesheni,
kile cha wapakia mizigo, chenye matusi yake,
mpaka mwenyekiti Lesilwa akakohoa.
Hausemi alizaliwa nyuma ya ghala la karanga
treni ya mizigo ikingoja njia,
wala kwamba nyumba hiyo, mwaka wa sabini na moja,
ikawa mali ya umma,
naye akaendelea kulala humo humo, mpangaji,
akilipa kila tarehe mosi, akidai stakabadhi.

Alipogombea, alama zilikuwa mbili.
Mpinzani akapata nyumba.
Yeye, jembe.
Uwanja ukaangua kicheko:
"Atalishika vipi, kama mizani?"
Akafuta miwani kwa ncha ya shati, akangoja wamalize.
"Kulima sijui. Lakini majembe nimewauzia
miaka ishirini na miwili,
na najua mpini upi utavunjika kabla ya palizi."
Kura mia mbili na sita zaidi.
Hilo niliandika.

Mtu mmoja akamwambia, kikaoni, arudi kwao.
Akatazama saa.
"Treni ya kwetu huingia saa nane," akasema,
"na husimama papa hapa Gulwe."
Hilo Lesilwa alinikataza.

Alikuja mapema kusoma rasimu, kidole juu ya kila mstari.
"Sechelela, umeandika kisima kinachimbwa.
Hakichimbwi. Andika kitachimbwa.
Tukifika huko tutajua nani alidanganya."
Kilichimbwa mwaka wa nne, mara ya tatu.
Maji yakatoka ya chumvi.
Ng'ombe walikunywa. Nasi tulikunywa.

Uchaguzi uliofuata, asubuhi ya kura,
alipita nyumba kwa nyumba na daftari la madeni.
Shilingi sitini. Sukari, robo. Mafuta ya taa, chupa mbili.
Mkewe Hansaben alimfuata hadi relini:
ngoja basi hata jioni, baba watoto, jioni tu.
"Nikinyamaza leo watasema nimewanunua."
Waliomlipa walimnyima kura.
Wasiomlipa pia.
Kesho yake alifungua duka saa moja, kama kawaida,
akamkopesha unga mtu aliyemshinda.

Miaka mitatu baadaye, kikao cha dharura.
Ajenda moja: familia inaomba kuni
za kumchomea marehemu, kwa desturi yao.
Na pale mezani ilikuwepo Sheria Ndogo ya Miti,
marufuku kukata mti wowote mlima wa Kiboriani,
faini hii, kifungo hiki,
mleta hoja: marehemu.
Niliitaipu mwenyewe. Alinirudishia mara mbili
kwa sababu niliandika "wowote" kwa herufi hafifu.

Ukumbi ukanyamaza.
Lesilwa akanitazama mimi, kana kwamba jibu
limenasa kwenye mashine.
Bwana misitu ndiye aliyesema:
mbichi, hapana. Kavu, sawa, lakini zipimwe.
Zikapimwa, kwa mizani ya dukani kwake.
Hazikutosha.

Kabla ya jua kuchwa watu wa Gulwe wakaanza kuja,
mmoja, kisha wawili, bila kuambiana,
au labda waliambiana, mimi nilikuwa ofisini,
wamebeba mipini ya majembe.
Iliyovunjika. Mingine ya zamani sana, imeliwa na mchwa.
Bibi mmoja alileta mzima.
Alipoulizwa akasema huu bado una deni.

Muhtasari unasema:
*Kibali kimetolewa. Kikao kilifungwa saa sita na robo.*
Herufi tano hapo
nimezijaza kwa mkono.